Chama kikibisha hodi kazini: usaini mapema, uvute muda, au uunde kamati yako?

Barua yenyewe huwa fupi. Ina muhuri wa chama, orodha ya majina iliyobanwa nyuma yake na fungu la fomu za makato ya ada ya chama, na inaomba jambo moja: chama kitambuliwe kuwa msemaji wa wafanyakazi kwenye majadiliano. Mkurugenzi anaisoma, anamwita afisa rasilimali watu, na kabla ya chakula cha mchana maoni matatu yako mezani. Mmoja anasema tukae nao tusaini. Mwingine anasema tusijibu kwanza, watachoka. Wa tatu, ambaye mara nyingi ndiye mpole kuliko wote, anapendekeza tuunde kamati yetu ya wafanyakazi ili chama kikose kazi.

Njia zote tatu zinapatikana, na zote nimeziona zikifuatwa. Nitazipima kwa sheria ya Tanzania, huku nikichungulia Kenya, maana kampuni yenye ofisi Dar es Salaam na Nairobi hujidanganya kirahisi kwamba majirani hawa wana utaratibu mmoja. Hawana, ingawa vitabu vyao vya sheria vinafanana sura.

Kwa nini ushauri wa zamani haufai tena

Meneja aliyefundwa kazi na wazee wa viwandani amerithi picha ya chama ambayo haipo. Kuanzia 1964 Tanzania ilikuwa na chama kimoja tu cha wafanyakazi, NUTA, kisha JUWATA, kisha OTTU kuanzia 1991. Chama kilikuwa mkono wa mfumo wa dola na chama tawala, na mwajiri mwenye tatizo alijua mlango wa kugonga serikalini. Mgomo halali ulikuwa wa kwenye makaratasi tu. Sheria ya 1998, iliyoanza kutumika 2000, ikafungua mlango wa vyama vingi. Halafu ikaja Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya 2004, na pamoja nayo Sheria ya Taasisi za Kazi iliyoleta Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA. Kenya walifanya usafi wao 2007 kwa kupitisha sheria kadhaa za kazi kwa mpigo, na Katiba ya 2010, ibara ya 41, ikaupa uzito wa kikatiba uhuru wa kujiunga na chama na kugoma.

Badiliko kubwa ni chanzo cha nguvu ya chama. Zamani nguvu ilishuka kutoka juu. Sasa inatokana na hesabu ya vichwa pale pale kazini: chama chenye zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa kundi linalohusika, yaani wale kitakaowajadilia, kina haki ya kutambuliwa, mwajiri apende asipende. Kumpigia simu mkubwa fulani wizarani hakupunguzi hata jina moja kwenye ile orodha. Ndiyo maana gharama ya kila njia kati ya hizi tatu imebadilika, na ile iliyokuwa rahisi kuliko zote, yaani kunyamaza, sasa ndiyo ghali.

Njia ya kuvuta muda

Naanza na hii kwa sababu ndiyo wengi wanaipenda, na kwa sababu ina upande wake wa haki ambao washauri wa upande wa wafanyakazi hawapendi kuutaja.

Sheria ya Tanzania inampa mwajiri siku 30 tangu apokee ilani akutane na chama kujadili utambuzi. Asipokutana nacho, au wakikutana wasielewane, chama kinapeleka mgogoro CMA kwa usuluhishi, na ukishindikana huko, Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi inaamua. Kwa hiyo kunyamaza hakuui ombi. Kunalihamisha kutoka chumba chako cha mikutano, ambako una sauti, kulipeleka mahali ambako mtu mwingine ndiye atakayekuuliza kwa nini hukujibu.

Lakini kuna swali moja ambalo mwajiri ana haki kamili ya kulibishia: hiyo nusu ni nusu ya nani? Tuseme kiwanda kina wafanyakazi 140 na chama kimeleta fomu 85. Wingi upo, tena wa kutosha. Sasa tuseme kampuni hiyo hiyo ina ghala mkoa mwingine lenye watu 50 wanaofanya kazi zile zile kwa mshahara ule ule. Kundi likihesabiwa kwa pamoja ni watu 190, nusu yake ni 95, na fomu 85 hazitoshi. Mameneja wa ngazi ya juu nao wana hesabu yao, maana sheria haiwaruhusu kuwa kwenye chama kinachowakilisha wafanyakazi wa chini yao. Mahakama ikifikishiwa ubishi wa aina hii huangalia matakwa ya pande zote, historia ya majadiliano, jinsi maslahi ya wafanyakazi yanavyofanana, muundo wa kampuni na umbali wa vituo vyake, na huelekea kwenye kundi lisiloikatakata kampuni vipande vipande.

Huo ni ubishi wa maana, na ukiwa nao ulete mezani wiki ya kwanza, kwa maandishi, ukiambatanisha orodha yako ya mishahara. Usiufiche mpaka usuluhishi uanze. Msuluhishi anayeona mwajiri ameibuka na hoja ya ghala la mkoani siku ya mwisho humwona mtu anayetafuta kichaka cha kujificha.

Kosa baya zaidi kwenye njia hii linatoka dirishani kwa mhasibu wa mishahara, wala si kwenye barua ya utambuzi. Makato ya ada hayangoji utambuzi. Mfanyakazi akishasaini fomu ya kuidhinisha makato, ile TUF. 6, mwajiri anatakiwa kukata na kuiwasilisha ada kwa chama ndani ya siku saba baada ya mwezi kuisha. Akichelewa bila sababu ya msingi, sheria inamdai asilimia 5 ya jumla ya deni kwa kila siku ya kuchelewa. Kila siku, si kila mwezi. Chukua wanachama 60 wanaokatwa shilingi 10,000 kila mmoja: deni ni 600,000, na kila siku inayopita inaongeza 30,000. Siku 20 tu, deni limejirudia. Mkurugenzi aliyedhani anavuta muda bure anakuja kuletewa hesabu hii na mtu wa chama mwenye kikokotoo cha simu.

Na wafanyakazi nao wanafanya nini muda wote huo? Wanangoja, lakini hawangoji kimya. Hapo ndipo mgomo baridi unapozaliwa: mashine inakwenda, watu wako zamu, lakini uzalishaji umeshuka na hakuna wa kumshika. Hakuna kura iliyopigwa, hakuna ilani iliyoletwa, hakuna kiongozi wa kukaa naye, kwa sababu kiongozi mwenyewe ndiye uliyekataa kumtambua.

Njia ya kamati ya ndani

Hii inaweza kuwa nzuri au kuwa mtego, kutegemea umeianza lini.

Kamati za wafanyakazi si ngeni kwetu. Sheria ya Usalama wa Ajira ya 1964 ilizianzisha mahali pa kazi, na utumishi wa umma una mabaraza ya wafanyakazi mpaka leo. Sehemu yenye watu 15 au 30, ambapo hakuna chama chenye wingi, kamati iliyochaguliwa kwa kura ya siri na kupewa muda wa kukutana ndani ya saa za kazi hutatua mambo mengi madogo: ratiba ya zamu, usafiri wa usiku, vifaa vya kujikinga, malipo ya saa za ziada yaliyokosewa. Inaokoa pesa na heshima.

Ila ijulikane inachoweza na isichoweza. Kamati ya ndani haisaini mkataba wa hali bora, yaani yale makubaliano ya mishahara na masharti ya kazi kati ya mwajiri na chama. Haiwezi kumfunga mfanyakazi asiyeafiki. Haikupi ile kinga nitakayoieleza chini dhidi ya mgomo. Na kama tayari kuna chama kilichotambuliwa, huwezi kuanzisha jukwaa la ushirikishwaji wa wafanyakazi bila kukubaliana nacho.

Kamati inayozaliwa wiki mbili baada ya barua ya chama haimdanganyi mtu. Wafanyakazi wanajua imetoka wapi na kwa nini, wajumbe wake wanaitwa majina, na ofisa wa chama anapata ushahidi wa bure kwamba mwajiri anawabagua wanachama. Hapo sheria ni kali pande zote mbili za mpaka: kumwadhibu au kumwachisha mtu kazi kwa sababu ya uanachama hakuna uhalali wowote. Tofauti iko kwenye bei. Kenya imeweka dari ya fidia ya kuachishwa kazi isivyo halali, mishahara ya miezi 12. Tanzania imeweka sakafu badala ya dari, na marekebisho ya 2025 yameligusa eneo hilo, kwa hiyo mwanasheria wako asome toleo la sasa na si nakala ya kabatini.

Kwa kifupi, kamati ni nzuri pale pasipo na chama. Kama silaha ya kukipiga chama ambacho kimeshafika, siishauri.

Njia ya kusaini mapema

Wanaoipigia debe njia hii huizungumzia kana kwamba ni zawadi. Ina gharama, na mwajiri anayesaini bila kuzijua atakuja kujuta kabla ya bajeti ya mwaka unaofuata.

Gharama ya kwanza ni watu. Sheria inaruhusu mwakilishi mmoja pale penye wanachama hadi tisa, watatu wakiwa 10 hadi 20, lakini wanachama wakifika 21 wawakilishi wanapanda hadi kumi, na wakizidi 100 wanakuwa 15. Karakana yenye wanachama 22 inaweza kuwa na wawakilishi kumi, kila mmoja akiwa na haki ya muda wenye malipo kufanya kazi za uwakilishi. Msimamizi wa zamu akiisikia hesabu hii kwa mara ya kwanza hudhani ni utani. Dawa yake ni kuandika kwenye mkataba wa utambuzi nani anaondoka kwenye mashine, saa ngapi, na nani anaarifiwa kabla.

Ya pili ni taarifa. Mwajiri aliyekitambua chama ana wajibu wa kujadiliana kwa nia njema na kukipa taarifa zinazohitajika ili kijadili kwa ufanisi. Zipo zinazolindwa, kama siri za mtu binafsi au zile ambazo kuzitoa kungeiumiza kampuni vibaya, lakini huwezi tena kusema “hali ni ngumu” bila karatasi. Nadhani hapa ndipo wakurugenzi wengi huumia zaidi kuliko kwenye nyongeza ya mshahara yenyewe.

Unachonunua kwa gharama hizo ni utulivu, na utulivu huu una misingi ya kisheria. Mgomo halali Tanzania una ngazi zake: mgogoro uwe wa maslahi, yaani wa kudai kitu kipya, maana anayedai haki iliyokwisha kuandikwa anakwenda CMA na mahakamani; upite usuluhishi wa siku 30; kura ipigwe na walio wengi kati ya waliopiga wakubali; kisha ilani ya saa 48. Sasa, jambo ambalo limeshapangwa kwenye mkataba wa hali bora haligomewi mkataba ukiwa hai. Ukikubaliana na chama mshahara wa miaka miwili, umejipatia miaka miwili ambayo mshahara si sababu halali ya mgomo. Kenya nayo ina katazo la namna hiyo. Usiposaini lolote, kila jambo liko wazi kugomewa, na ukigomewa kihalali huruhusiwi kuleta vibarua wa kuziba nafasi.

Faida nyingine huonekana siku mbaya. Ukilazimika kupunguza wafanyakazi, sheria inakutaka ushauriane kabla ya kuamua: sababu, namna ya kuepuka, vigezo vya kuchagua nani aondoke, malipo. Ukiwa na chama kilichotambuliwa unajua unakaa na nani. Usipokuwa nacho, utahangaika kutafuta wa kushauriana naye wakati saa inakimbia, na kila aliyeondoka atadai hakushirikishwa.

Tanzania na Kenya, mstari kwa mstari

| Jambo | Tanzania | Kenya |
|---|---|---|
| Sheria kuu | Ajira na Mahusiano Kazini, 2004 | Mahusiano ya Kazi, 2007 |
| Wingi unaodaiwa | Zaidi ya nusu ya kundi la majadiliano | Zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaostahili kuwa kwenye chama |
| Fomu ya makato | TUF. 6 | Fomu S |
| Asiye mwanachama kuchangia | Kwa makubaliano ya mwajiri na chama | Kwa agizo la waziri |
| Mkataba unaanza kubana | Saini ya mwisho. Nakala kwa Kamishna wa Kazi | Ukishasajiliwa mahakama ya kazi |
| Usuluhishi kabla ya mgomo | Siku 30 | Siku 30 |
| Ilani ya mgomo | Saa 48 | Siku 7 |

Mistari miwili hapo ina uzito kuliko mingine.

Ule wa usajili umewaumiza watu Kenya hadharani. Mkataba wa madaktari wa hospitali za umma ulisainiwa 2013, haukusajiliwa, na ukawa kiini cha mgomo ulioanza Desemba 2016 na kudumu siku 100, huku viongozi wa chama chao wakifungwa kwa kudharau amri ya mahakama. Mwajiri binafsi asijifariji kwamba yale yalikuwa ya serikali. Saini bila usajili upande ule ni ahadi ambayo kila mmoja ataisoma anavyotaka.

Mstari wa asiye mwanachama kuchangia ndio uamuzi ambao Tanzania umeachwa mikononi mwako, na wengi hukubali bila kufikiri. Kipengele cha ada ya uwakala kinamkata hata asiye mwanachama, kwa hoja kwamba naye anafaidi mkataba. Kiasi hakizidi ada ya mwanachama, na hakuna anayelazimishwa kujiunga. Chama kitakidai mapema kwa sababu ndicho kinacholipa kodi ya ofisi ya mkoa. Mimi ningekiweka kikao cha mwisho, baada ya mshahara na utaratibu wa malalamiko kukamilika. Ukikitoa mwanzoni, umetoa kitu ambacho chama kinakitamani kuliko vyote kabla hujapata chochote, na lawama za waliokatwa zitaangukia idara ya mishahara, si tawi la chama.

Saa 48 za Tanzania nazo zionekane zilivyo. Hazitoshi kuhamisha oda wala kutuliza wateja. Kinachotosha ni zile siku 30 za usuluhishi, na mwajiri anayemtuma CMA ofisa asiye na mamlaka ya kukubali chochote anazitupa.

Je, kama sheria ikigeuka tena?

Wapo wanaoshauri kungoja: huenda Bunge likaja na masharti magumu zaidi kwa vyama. Tazama Uingereza. Sheria ya 2016 ilidai nusu ya wenye haki ya kura wajitokeze ndipo mgomo uwe halali, na kwenye huduma muhimu za umma asilimia 40 ya wapiga kura wote waunge mkono. Sheria mpya ya Desemba 2025 imekuja kulegeza, ikiwemo kukiondoa kizingiti hicho cha asilimia 40. Serikali imebadilika, kamba imelegea. Mwajiri aliyejenga mahusiano yake juu ya ugumu wa kupiga kura alijikuta hana mazoea ya kukaa na watu wake. Mkataba ulioandikwa vizuri hautikiswi hivyo na uchaguzi mkuu.

Ningechagua nini

Fomu zikiwa zimevuka nusu waziwazi, ningesaini utambuzi ndani ya zile siku 30, na nguvu yangu ya mazungumzo ningeitumia kwenye mpaka wa kundi, ratiba ya wawakilishi na ngazi za malalamiko. Fomu zikiwa zinakaribia nusu huku mpaka wa kundi una utata wa kweli, ningepinga, lakini haraka: barua ndani ya wiki, orodha mkononi, na pendekezo la kuhakiki majina kwa pamoja. Ada ya walioidhinisha ningeendelea kuikata na kuiwasilisha bila kujali ubishi umefika wapi. Chama kikiwa na wanachama wachache na hakijaomba lolote, kamati ya ndani inatosha, ilimradi mlango wa chama usifungwe kwa kufuli.

Kabla ya kusaini mkataba wa hali bora wenyewe, angalia kipengele cha muda. Usipoandika unaisha lini, sheria ya Tanzania inamruhusu upande wowote kuuvunja kwa ilani ya muda unaofaa, na ule utulivu ulioulipia unaweza kukatika katikati ya msimu wako wa mauzo. Andika tarehe ya kuanza, tarehe ya kuisha na mwezi ambao majadiliano mapya yataanza, na mwezi huo uwe kabla bajeti yako haijafungwa.